Kijana wa Upande wa Pili wa Mashine

Mdogo wangu Norikazu alikuwa mtu wa goti lisilotulia. Akiketi kula, goti lake la kulia lilianza kucheza, na supu nayo ikacheza bakulini. Mama yetu alipokuwa hai alimpiga paja kwa vijiti vya kulia na kumwambia, "Acha hiyo, unaita umaskini." Huku kwetu Osaka kila mtu anajua kwamba goti linalotikiswa huita umaskini mlangoni. Umaskini ulikuja kweli, ingawa nadhani njia ya nyumbani kwetu ulikuwa ukiijua tangu zamani. Mama akafa. Goti likaendelea.

Wakati wa sala ndipo alipotutia aibu zaidi. Sisi ni watu wa Amida, wa dhehebu la kulitaja Jina lake na kumwachia mengine yote. Kila mwezi mtawa Ryokai alikuja na pikipiki yake kutusomea sutra, maandiko ya dini yetu, mbele ya madhabahu ya nyumbani. Kabla hajafika katikati, Nori alikuwa ameshachomoa nyuzi za mkeka na kuzisuka kamba.

"Siku moja," mtawa alimwambia, "nitarudi hapa nikute mmekalia mbao tupu."

"Nitakuwa nimekusukia mkeka mpya kwa hizo nyuzi, mtawa," Nori akajibu, na wote wawili wakacheka, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Kiwandani walimweka akae, achambue skrubu. Bosi wake alimvumilia msimu mmoja, kisha akamwambia, "Norikazu, ukikaa wewe, skrubu za meza nzima zinajipanga upya. Nenda ukafanye kazi ya kusimama." Akasimama mbele ya mashine ya kukata chuma mpaka siku ya mwisho wa maisha yake.

Shangazi yetu alimtafutia mchumba, binti mpole kutoka Sakai. Wakakutana mkahawani, sisi wazee wa pande zote mbili tukiwa tumekaa pembeni kama mashahidi. Haikuchukua muda binti yule akashika kikombe chake kwa mikono miwili na kutazama taa za dari. "Samahani," alisema kwa upole, "kuna tetemeko la ardhi?" Mambo yakaishia hapo. Tukiwa njiani kurudi nilikuwa karibu kulia, lakini Nori alicheka. "Dada, yule anatafuta mume, hatafuti mashine ya kufulia." Hakuoa. Tulibaki wawili katika nyumba ile ya mama huko Imazato, mimi nikiuza achari sokoni, yeye akirudi jioni akinuka mafuta ya mashine, na goti chini ya meza.

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo goti lile lilitulia. Nilipagundua siku ya mvua, nilipomfuata na mwavuli mpaka ukumbi wa michezo wa mzee Kuwano, nyuma ya soko. Ukumbi wenyewe ulikuwa giza, moshi wa sigara, na makelele ya mashine ambazo zote zilikuwa zikisema kwa wakati mmoja. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya skrini, ameshika mpini kwa mkono wa kushoto, vidole vya kulia juu ya vitufe. Nilisimama nyuma yake nikatazama goti. Lilikuwa limelala. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumwona hivyo, isipokuwa akiwa na homa.

Mchezo ule uliitwa Kazakiri. Watu wa mtaa mmoja wa kale wanapigana wao kwa wao, kila mmoja na ufundi wake. Haukuwa mchezo maarufu. Walioutengeneza walifunga ofisi muda mfupi baadaye, na vijana wengi walikwenda ukumbi mkubwa wa ng'ambo ya barabara, kwenye michezo yenye jina. Kwa mzee Kuwano ilibaki jozi moja tu ya mashine za Kazakiri, zimewekwa mgongo kwa mgongo mwishoni mwa ukumbi, karibu na mlango wa nyuma wa kupitishia baiskeli. Mchezaji mmoja anakaa upande huu, mpinzani wake upande ule. Kati yao kuna masanduku mawili ya skrini, marefu kuliko kichwa cha mtu aliyeketi. Unapigana na mtu, na mtu huyo humwoni.

Wala hutakiwi kumwona. Kuinuka na kuchungulia upande wa pili ni uchokozi, ni kama kumwambia mtu njoo nje tupigane kwa mikono. Aliyeshindwa huondoka kwanza. Aliyeshinda hubaki ameketi, macho kwenye skrini, mpaka mwenzake awe ametoka. Na kulikuwa na heshima nyingine, ambayo Nori alinieleza kwa uzito kama anayeeleza mambo ya dini. Pambano ni raundi tatu. Mwenye mbili ndiye mshindi. Mtu mwungwana akishinda ya kwanza, ya pili anamwachia mwenzake. Anasimama tu, anapigwa, ili aliyetoa sarafu yake asirudi nyumbani baada ya dakika moja. Kisha kabla ya raundi ya tatu wote wawili wanachuchumaa mara mbili haraka haraka. Ndiyo kuinamiana. Halafu wanapigana kweli.

"Unasimama tu upigwe?" nilimuuliza.

"Unasimama tu."

"Wewe? Usimame tu?"

"Pale naweza, Dada."

Alipigana kwa kumtumia Gonpei, fundi wa vigae vya paa, mtu mzito, mwenye subira, anayengoja akamate. Na kila Jumamosi alasiri, alipokaa tu, sarafu ililia upande wa pili, na akaingia mpinzani yule yule, ambaye siku zote alimchagua Hibari, binti mcheza kamba, mwepesi kama kiroboto. Nilianza kusikia habari za mtu huyo mezani. Nori alimwita Kijana.

"Leo Kijana amenitoa jasho. Vidole vyake sijui vimetengenezwa na nini."

"Ni mtoto wa nani?"

"Nitajuaje? Lakini ni kijana, hilo ni dhahiri. Ana haraka. Hawezi kungoja. Nahisi anatoroka masomo ya jioni kuja pale." Akatafuna kidogo. "Ndiyo maana naondoka mapema. Nisipoondoka mimi, hataondoka yeye, na mama yake atahangaika."

Miaka ikapita hivyo. Kijana hakukaa kwanza hata siku moja. Alingoja mpaka Nori akae, ndipo sarafu yake ililia. Hawakuwahi kusemezana neno.

Mchezo ulipotolewa kwa ajili ya mashine ya nyumbani, Nori alikwenda kununua diski siku ile ile, kisha akarudi na kununa juma zima. "Wameukatakata," alisema. Mashine ya nyumbani haikuwa na nafasi ya kutosha kubeba picha zote, kwa hiyo waliohamisha mchezo walipunguza. Kabla ya kila pambano diski ilizunguka na kuguna, ikifikiri, mpaka chai ikapoa. Gonpei alikuwa akikamata kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayekumbuka jambo njiani. Na kule ukumbini, Gonpei akiachwa asimame, alifuta jasho la paji la uso kwa kiganja. Nyumbani hakufuta. "Tazama, Dada. Wamemnyima hata jasho lake."

Hata hivyo aliucheza, na alinifanya mimi kuwa Kijana. "Kaa hapa, shika hiki, usifanye lolote. Simama tu nifanye mazoezi." Basi nilikaa na kidude kile mkononi nikimenya maharage au nikilitaja Jina kimoyomoyo, na Hibari wangu alisimama akipigwa jioni nzima. Ndiyo mafunzo yote niliyopata.

Jumamosi ya mwisho wa Januari alirudi akicheka peke yake mlangoni. Alikula mabakuli mawili ya wali.

"Leo Kijana amenipiga zote mbili, Dada. Mfululizo. Hakunipa ya pili."

"Basi amekuvunjia heshima."

"Hapana. Amekua." Goti lilicheza, lakini kwa furaha, mtu akiishi na goti miaka mingi anajua tofauti. "Hanionei huruma tena. Amekua, yule mtoto."

Jumanne alianguka kiwandani mbele ya mashine yake. Moyo. Alipofikishwa hospitali alikuwa ameshaondoka. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Sitaeleza siku zile. Kwetu maiti huchomwa, na waliowahi kuokota mifupa ya ndugu yao kwenye jivu kwa vijiti wanajua, na ambao hawajawahi, Amida awacheleweshee.

Huku kwetu siku huhesabiwa kuanzia mkesha wa kifo, na mtawa huja kila siku ya saba, mpaka ifike siku ya arobaini na tisa, ambapo ndugu na marafiki hukusanyika na mifupa hupelekwa kupumzika hekaluni. Baada ya hapo watu wanarudi kwenye maisha yao. Niliwaarifu wote: watu wa kiwandani, shangazi, majirani, hata binti wa Sakai, ambaye alinitumia uvumba na maneno mazuri. Lakini sikuweza kutulia. Nikikaa mbele ya madhabahu nilisimama, nikisimama nilifua kilichokuwa kimeshafuliwa. Sokoni mteja aliyeomba biringanya nilimpa figili. Kuna mtu mmoja alikuwa hajaambiwa. Kila Jumamosi alasiri mahali fulani karibu na mlango wa baiskeli alikuwapo mtoto anayemngoja mdogo wangu akae, na mdogo wangu alikuwa ndani ya chungu cheupe juu ya kabati letu.

Siku ya saba ya tatu nilimwuliza mtawa Ryokai, "Roho yake iko wapi sasa? Bado inazunguka?"

"Wewe umelelewa na sutra, Fumie, unauliza kama mtalii. Nori ameshafika. Amida alimpokea pale pale alipoanguka." Alifunga kamba ya kofia yake ya pikipiki. "Anayezunguka ni wewe. Nimehesabu, umeinuka mara nne nikiwa nasoma. Kumbe goti lilikuwa la ukoo."

Nikamweleza habari za Kijana.

"Basi mwambie," alisema.

"Simjui sura."

"Mtafute kabla ya arobaini na tisa. Mtu akikosa kuaga, hukaa na swali maisha yake yote, na swali hilo huwa anajijibu vibaya."

Jumamosi ile nilikwenda kwa mzee Kuwano na shanga zangu za sala mkononi. Alikuwa ndani ya kibanda chake cha kuchenjia pesa, ameupa ukumbi mzima mgongo, anatazama televisheni ndogo.

"Mzee Kuwano, unamjua kijana anayecheza na Nori wangu kule nyuma?"

"Pole sana kwa msiba, mama. Lakini mimi natoa chenji. Nyuso sizitazami."

"Umekaa hapa miaka yote hii."

"Nimekaa nikitazama televisheni. Niulize nani ameshinda mieleka ya sumo tangu nifungue ukumbi huu, nitakutajia mpaka waliovunjika kidole. Kule nyuma huenda wanacheza nyani, mimi sijui."

Nikaanza kuwauliza vijana mmoja mmoja. Mmoja mwenye nywele za rangi ya machungwa nilimwambia, "Samahani, wewe ndiye Kijana?"

"Asubuhi nilikuwa kijana, mama. Tangu hapo sijajitazama."

Mwingine aliona shanga zangu akainua mikono. "Sitaki dini, mama, nina mtihani." Nikamkimbilia mpaka mlangoni nikimwuliza kama anatoroka masomo, naye akakaza mwendo. Nadhani walianza kunionya wao kwa wao, kwa sababu Jumamosi iliyofuata kila nilipokaribia kigoda, kigoda kilikuwa kitupu. Zile mashine mbili za Kazakiri nazo zilikuwa tupu, zikijichezea zenyewe picha za matangazo.

Nilichoka nikakaa kwenye benchi kando ya mashine ya vinywaji. Pale alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo ya kuwa bibi, kapu la sokoni mapajani, vitunguu majani vimechomoza kama mkia wa jogoo.

"Umempoteza mwanao?" aliniuliza.

"Si mwanangu."

"Ni wa nani?"

"Sijui ni wa nani. Ninachojua ni kijana, na ana vidole vyepesi."

"Humu ndani wote wana vidole vyepesi. Kilicho kizito ni akili."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu Januari. "Na wewe unamngoja mjukuu?"

"Namngoja babu mmoja," alisema, akipanga vitunguu vyake. "Ameninunia."

Nilidhani anamsema mumewe. Wanawake wa umri ule wakianza kuwasema waume zao, mtu husikiliza tu. "Mwombe msamaha," nikamshauri.

"Nitamwomba akitokea. Hatokei. Mzee akinuna ni kama mlango wa bafu wakati wa mvua za Juni. Umevimba, hata uusukume vipi."

"Ulimfanya nini?"

"Jambo dogo. Lakini kwake lilikuwa kubwa, na nilijua kuwa kwake ni kubwa." Akatazama saa, akashika kapu, akaenda zake. Mimi nikarudi nyumbani mikono mitupu. Nilikuwa kama mtu anayetafuta miwani iliyo puani mwake.

Jioni ile, nikiwa mbele ya madhabahu, nilikumbuka maneno ya Nori: Kijana hakai kwanza. Nilikuwa nimemtafuta kwenye vigoda, na hangeweza kuwa kwenye kigoda. Ili aje, ilikuwa lazima mtu akae mahali pa Nori na amchague Gonpei.

Nikawasha mashine ya nyumbani. Diski ikazunguka, ikaguna, ikafikiri. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwa Hibari, nikaurudisha. Kuanzia siku hiyo nilifunga kibanda cha achari mapema. Nilijifunza kumcheza Gonpei, majirani wakipita dirishani na vidole vyangu vikikosea. Nilipigwa na kila mtu wa mtaa ule wa kale, muuza tofu, mwanamke wa mwavuli, hata mbwa. Polepole nikajua kungoja, kisha kukamata. Mtawa alipokuja siku ya saba iliyofuata alikuta kidude kimelala karibu na sutra. Alikitazama, akanitazama, akaanza kusoma.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Kesho yake, Jumapili, ndiyo tungesoma arobaini na tisa, na mifupa ingeondoka nyumbani. Niliingia kwa mzee Kuwano alasiri, nikanyoosha moja kwa moja mpaka nyuma, nikakaa kwenye kigoda cha mdogo wangu. Kilikuwa kifupi. Mpini ulikuwa mgumu na mkubwa, haufanani hata kidogo na kile kidude cha nyumbani. Goti langu la kulia lilikuwa likicheza, na sikujaribu kulizuia.

Nikatumbukiza sarafu. Nikamchagua Gonpei. Akasimama peke yake barabarani, mpana, mikono chini, na kwa kuwa sikujua nianzie wapi nilimwacha asimame. Ndipo akainua kiganja akafuta jasho la paji la uso.

Nori alikuwa ameniambia habari ya jasho lile mara nyingi. Sikuwa nimewahi kuliona. Skrini ikaingia ukungu, nikajifuta macho kwa mkono wa kimono changu cheusi, na nilipokuwa bado najifuta, sarafu ililia upande wa pili. Skrini ikaandika kwamba mpinzani ameingia. Alikuwa Hibari.

Raundi ya kwanza sitaisimulia, maana haina cha kusimulia. Nilikamata hewa. Nilipongoja nilipigwa, na nilipoacha kungoja nilipigwa zaidi. Ikaisha.

Raundi ya pili ikaanza, na Hibari akasimama tu.

Alisimama katikati ya barabara, kamba yake mkononi, wazi kabisa. Alikuwa ananipa. Nilichotakiwa kufanya ni kusogea na kupiga, ndiyo desturi, ndiyo adabu. Nikashika mpini, na mkono ukakataa. Miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa Hibari aliyesimama, nikimenya maharage, na nyuma ya Gonpei alikuwapo Nori akicheka. Sikuweza kumpiga. Nikasimama nami.

Saa ya juu ya skrini ikawa inashuka. Gonpei akafuta jasho. Hibari hakusogea. Pembeni mashine nyingine zilikuwa zikipiga kelele zao zote, na pale kwetu watu wawili walisimama wakitazamana, mpaka saa ikafika mwisho na mashine ikatangaza sare. Hapo ndipo nilipogundua kwamba goti langu lilikuwa limetulia.

Hibari akachuchumaa mara mbili. Nikachuchumaa mara mbili, ya pili nikachelewa.

"Wewe si Babu," sauti ilisema kutoka upande wa pili.

Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Siye," nilisema.

"Babu hachelewi namna hiyo. Wewe umejifunza nyumbani. Unangoja pale ambapo diski husita. Huku hakuna kusita." Raundi ya tatu ikaanza bila sisi. "Amekutuma? Amesemaje? Bado amenuna?"

"Ni mdogo wangu," nikasema. "Amefariki. Mwishoni mwa Januari, moyo wake ulisimama."

Nilisikia kitu kikigonga sakafu, halafu sauti ikasema, ndogo, "Mdogo wako? Kwani wewe una miaka mingapi?"

Kisha alifanya lile lisilofanywa. Aliinuka. Kwanza niliona majani ya vitunguu yakitokea juu ya sanduku la mashine, halafu nywele za mvi, halafu macho ya yule mama wa benchi.

Tulitazamana.

"Wewe ndiye unayetafuta mtoto," alisema.

"Wewe ndiye uliyenuniwa," nikasema.

Aliitwa Bi Toyo. Alikuwa amefundisha watoto wa mtaa wa jirani kuhesabu kwa shanga za abakasi, maisha yake yote, mpaka watoto wakanunuliwa vikokotoo na darasa likafungwa. Vidole vyake havikuelewa kwamba kazi imekwisha. Vilimhangaisha, alisema, viligonga kila kitu, meza, kikombe, mgongo wa mumewe aliyelala. Siku moja alijikinga mvua kwa mzee Kuwano, akamwona Gonpei upande wa pili akifuta jasho kwa utulivu, akajua kwamba huyo ni mzee wa heshima, labda wa miaka themanini, mpweke, anayecheza taratibu kwa sababu mikono inatetemeka. Akaamua kumpa kampani.

"Nilikuwa nakuja kila Jumamosi ili asikae peke yake," alisema. Alikuwa amekaa kando yangu sasa, kwenye ukingo wa kigoda, kapu miguuni. "Na siku ile ya mwisho, mayai yalikuwa yameshushwa bei sokoni, mwisho saa kumi. Nikashinda ya kwanza, nikatazama saa, nikampiga na ya pili bila kumpa. Nikakimbilia mayai. Jumamosi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata. Nikasema, nimemdhalilisha mzee wa watu kwa ajili ya mayai. Nimekaa kwenye benchi lile nikimngoja nimwombe radhi." Vidole vyake vilikuwa vikigonga kapu, haraka, havisikii amri. "Sasa unaniambia amekufa na hasira."

"Hakufa na hasira," nilisema. "Nisikilize. Siku ile alirudi anacheka. Alikula mabakuli mawili. Alisema, 'Kijana hakunipa ya pili, hanionei huruma tena, amekua.'"

"Kijana yupi?"

"Wewe."

Bi Toyo alinitazama. Kisha akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua anacheka au analia mpaka nilipoona kwamba mimi mwenyewe nafanya yote mawili. Mzee Kuwano aligeuka kwenye kibanda chake, kwa mara ya kwanza pengine tangu afungue ukumbi, akatutazama wanawake wawili na vitunguu, akarudi kwenye mieleka yake.

"Alikuwa anaondoka mapema," nikamwambia, "ili mama yako asihangaike."

"Mama yangu," alisema, akijipangusa. "Mama yangu alikufa kabla mji huu haujajengwa upya baada ya vita."

Jumapili alikuja. Alivaa nguo nyeusi zenye harufu ya kabati, na alibeba mayai kwenye kitambaa, akayaweka mbele ya madhabahu pamoja na machungwa ya watu wa kiwandani. Palikuwa na picha ya Nori, ile ya kitambulisho cha kazi tuliyoikuza, nywele zimesimama upande mmoja. Bi Toyo alipiga magoti mbele yake. Wengine waliwasha uvumba, wakainama, wakapisha. Yeye alikaa akiitazama sura ile mpaka shangazi akaanza kukohoa.

"Kumbe ni mtoto," aliiambia picha. "Kumbe ni kijana tu."

Aliinama mara mbili, haraka haraka, na akaja kukaa karibu nami.

Mtawa Ryokai akagonga kengele, akaanza kusoma. Chungu cheupe kilikuwa tayari kimefungwa kitambaa, tayari kwa safari ya hekaluni. Nilikaa. Nililitaja Jina. Sikuinuka hata mara moja. Lakini kabla hajafika katikati ya sutra nilisikia mchakacho mdogo kando yangu, nikashusha macho. Vidole vya Bi Toyo vilikuwa vimepata uzi uliolegea kwenye mkeka, pale pale alipokuwa akikaa Nori, na vilikuwa vinauchomoa.

Mtawa naye aliona. Alipaza sauti kidogo, akaendelea kusoma. Mimi nilimwacha achomoe.